Mont Ventoux kwa baiskeli: mlima unaoanzia kwenye mizabibu

Wengi wanaoshuka baiskeli na kuisukuma kwenye Mont Ventoux huharibu siku yao katika kilomita sita za kwanza, huko chini kwenye mashamba ya mizabibu, miguu ikiwa bado mizuri na barabara ikiwa bado ya upole. Hulijua kosa hilo baadaye, wakiwa katikati ya msitu, na hapo hakuna tena cha kurekebisha. Karibu kila ushauri wenye maana kuhusu mlima huu unarudi kwenye hizo kilomita sita.

Ventoux uko Provence, kusini mwa Ufaransa. Una mita 1,910 juu ya usawa wa bahari na umesimama peke yake, bila mlima jirani wa kimo chake, ndiyo maana kichwa chake cheupe kinaonekana kutoka mbali sana. Weupe huo wakati wa kiangazi si theluji, ni kokoto za mawe ya chokaa. Kwa karne nyingi miti ya mlimani ilikatwa, mingine ikaenda kuunda meli huko Toulon, na kazi ya kupanda msitu upya ikaanza katika miaka ya 1860. Mierezi unayoiona upande wa kijiji cha Bédoin ni matunda ya kazi hiyo. Kileleni msitu haukurudi. Kwa mwendesha baiskeli, maana ya historia hiyo ni kwamba kilomita sita za mwisho hazina kivuli wala kitu cha kuzuia upepo.

Barabara za lami za kufika juu ni tatu. Kutoka Malaucène, upande wa kaskazini-magharibi, ni kilomita 21 na ushei, na unapanda mita 1,570 hivi. Kutoka Sault, upande wa mashariki, ni kilomita 26 lakini mita 1,200 tu, kwa hiyo ndiyo njia ya upole. Ya tatu ni ya Bédoin: kilomita 21.5, mita 1,600, wastani wa asilimia 7.5, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 7.5. Hii ndiyo inayopendwa na mashindano, na ndiyo ngumu.

Wastani wa asilimia 7.5 unadanganya. Kilomita tano na nusu za mwanzo, kati ya mizabibu, zina asilimia 3 hadi 5. Kisha kwenye kona ya Saint-Estève barabara inakata kushoto na kuingia msituni, na kutoka hapo hadi Chalet Reynard, mgahawa ulioko mita 1,417, kuna karibu kilomita 10 zenye wastani unaozidi asilimia 9, na vipande vya 10 na 11 ndani yake. Baada ya Chalet Reynard zinabaki kilomita sita za mawe matupu, zenye asilimia 8 hivi. Kando ya barabara kuna vijiwe vinavyoonyesha umbali uliobaki na mwinuko wa kilomita inayofuata. Visome, lakini msituni usiviamini kupita miguu yako: kilomita iliyoandikwa asilimia 9 inaweza kuwa na mita mia za asilimia 11.

Tufanye hesabu. Chukua mtu wa kilo 75 mwenye baiskeli ya kilo 9, chupa zikiwemo. Kwenye mwinuko wa asilimia 4 bila upepo, mwendo wa kilomita 16 au 17 kwa saa unamgharimu wati 200 hivi. Akijisikia vizuri na kupanda hadi kilomita 20 kwa saa, jambo ambalo pale kwenye mizabibu halihisiwi kabisa, anatumia wati 250. Katika kilomita tano na nusu ameokoa dakika tatu au nne. Akiingia msituni, wati 200 zilezile zinampa chini kidogo ya kilomita 9 kwa saa kwenye asilimia 9, na kama kiwango anachoweza kukihimili kwa saa mbili ni hizo 200, zile 250 za mwanzo zilikuwa deni. Deni hilo hulipwa kilomita ya kumi, wakati mapigo ya moyo hayashuki tena na hakuna tambarare ya kupumzikia. Dakika tatu alizookoa zinageuka ishirini alizopoteza.

Kwa wati 200 mfululizo mtu huyu anafika juu kwa saa mbili na dakika chache. Ni muda wa heshima kabisa. Kwa kulinganisha, mwaka 2004 Mhispania Iban Mayo alipanda kutoka Bédoin kwa dakika 55 na sekunde 51, naye alikuwa mwepesi kuliko wengi wetu tulivyowahi kuwa tangu shuleni.

Asiye na mita ya wati atumie pumzi. Mpaka Saint-Estève uweze kusema sentensi nzima bila kukatiza. Ukiona unasema maneno matatu matatu, punguza. Kila kundi litakupita. Wape nafasi, utawakuta wengine wao wameegemea miti.

Sasa gia, ambapo ndipo ubishi wa kishamba ulipo. Watu wanaona aibu kuweka friwili kubwa nyuma, yaani seti ya gia za gurudumu la nyuma yenye meno mengi, wanasema ni ya wazee. Angalia namba. Gia ya meno 34 mbele na 34 nyuma, kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.1, inakupa kilomita 8.8 kwa saa ukizungusha pedeli mara 70 kwa dakika. Huo ndio mwendo wa yule mtu wa wati 200 kwenye asilimia 9, vinaoana. Mwenye meno 39 mbele na 25 nyuma, akitaka kuzungusha mara 70, lazima aende karibu kilomita 14 kwa saa, na hiyo inadai wati zaidi ya 320. Asipokuwa nazo, ataenda kilomita 8.8 zilezile kwa mizunguko 45, kila mkanyago ukiwa wa nguvu. Magoti yanaanza kulalamika, misuli ya mapaja inakauka mapema, na mgongo wa chini unabana kwa sababu mwili wote unavuta usukani.

Kwa hiyo: 34 mbele na angalau 32 nyuma kwa mtu mwenye mazoezi, 34 kwa 34 kwa walio wengi, na aliye mzito au anayebeba mizigo atafute hata nyepesi zaidi. Kabla ya kununua friwili kubwa, hakikisha mkono wa nyuma wa kubadilishia gia, ule unaohamisha cheni kwenye friwili, unaikubali. Mikono mifupi mingi huishia meno 28 au 30, na ukilazimisha, kigurudumu chake cha juu kinasaga friwili. Cheni nayo ipimwe upya: iwe na urefu wa kutosha kupita gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja bila kukaza hadi kuvunja kitu, hata kama hutarajii kuzitumia pamoja. Siku moja kidole kitateleza.

Christopher Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunzia baiskeli Kenya, alionyesha thamani ya kuzungusha haraka kwenye mlima huuhuu. Tarehe 14 Julai 2013, katika Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, alishambulia akiwa amekaa kitini, miguu ikizunguka kwa kasi isiyo ya kawaida kwa mwinuko ule. Akamwacha mpinzani wake Alberto Contador, kisha karibu na kilele akamwacha Nairo Quintana na kushinda kwa sekunde 29. Wengine wakisimama kwenye pedeli, yeye aliongeza mizunguko tu.

Msituni adui ni joto na uzembe wa kula. Miti inakata upepo, hewa inasimama, na ukienda chini ya kilomita 10 kwa saa nzi wanakufuata hadi juu. Mwezi Julai ondoka Bédoin saa moja asubuhi. Saa tano ni kuchelewa. Chukua chupa mbili za mililita 750 na upange kumaliza moja kwa saa, zaidi kukiwa na joto, na mojawapo iwe na chumvi. Chakula ni gramu 60 za wanga kwa saa. Tende kubwa moja ina gramu 16 hadi 18, kwa hiyo tende tatu au nne kwa saa zinatosha, na hazigharimu kama zile pakiti za jeli. Toa kokwa ukiwa nyumbani. Anza kula ukiwa bado kwenye mizabibu, kipande kila dakika ishirini, kwa sababu kwenye asilimia 10 kutafuna na kuhema havipatani. Maji jaza Bédoin. Katika vijiji vya Provence bomba na chemchemi ziko nyingi, ila soma kibao: *eau potable* ni maji ya kunywa, *eau non potable* usiyaguse.

Mtu akidhani haya ya maji na joto ni kudeka, asimame kwenye mnara wa kumbukumbu wa Tom Simpson, kando ya barabara chini kidogo ya kilele. Mwingereza huyo, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alianguka hapo tarehe 13 Julai 1967 wakati wa Tour de France na kufariki siku hiyohiyo. Joto, upungufu wa maji na amfetamini zilizokutwa mwilini mwake vilishirikiana. Dawa ile ilimzuia kusikia mwili ukimwambia asimame. Waendesha baiskeli huacha chupa na kofia pale.

Ukitoka msituni Chalet Reynard, mwinuko unapungua kidogo na mnara wa kileleni unaonekana kana kwamba umefika. Bado kilomita sita. Hapo ndipo upepo unaingia kwenye hesabu. Mistral, upepo wa kaskazini unaoteremka bonde la mto Rhône, hukutana na mlima huu bila kizuizi chochote. Barabara inajipinda, kwa hiyo ndani ya dakika tano unapigwa usoni, unasukumwa mgongoni, halafu unapigwa ubavuni. Mahali pa kuwa macho zaidi ni Col des Tempêtes, mita 1,829, jina lake likimaanisha njia ya tufani: ukivuka pale unatoka kwenye kinga ya mlima ghafla na upepo wa ubavu unaweza kukusogeza upande wa pili wa barabara. Mikono iwe chini kwenye usukani, viwiko vilegee. Rimu za kina kirefu, zile za milimita 50 na kuendelea, ziache nyumbani. Zinapokea upepo wa ubavu na kuzungusha usukani.

Tazama utabiri wa upepo wa kileleni, si wa kijijini. Bédoin kunaweza kuwa shwari kabisa na juu hakusimamiki. Vishindo vikitabiriwa kupita kilomita 60 kwa saa, ishia Chalet Reynard au nenda kwingine. Hata Tour de France iliwahi kufanya hivyo: Julai 2016 mwisho wa mbio ulishushwa hadi Chalet Reynard kwa sababu ya upepo. Watazamaji wakasongamana kwenye nafasi ndogo, pikipiki ikasimama, Froome na wenzake wakaivamia, na yeye mwenye baiskeli iliyovunjika akaonekana akikimbia kwa miguu mlimani.

Joto nalo hushuka. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi 0.65 kila mita 100, kwa hiyo kati ya Bédoin na kilele kuna tofauti ya nyuzi 10 kabla upepo haujahesabiwa. Umelowa jasho, na unakaribia kushuka kwa kilomita 60 kwa saa. Beba kizibao kisichopitisha upepo, mikono ya kuvaa na glavu nyepesi. Vyote vinaingia mifukoni mwa jezi. Ujanja wa zamani wa kuingiza gazeti kifuani bado unafanya kazi vizuri. Usikae kileleni ukipiga picha nusu saa huku jezi ikiwa imelowa.

Kushuka ni kazi inayojitegemea, na ndiyo inayopeleka watu hospitali. Mtu na baiskeli wa kilo 84 wakiteremka mita 1,600 wanaachia nishati inayotosha kuchemsha karibu lita nne za maji. Sehemu inaliwa na hewa. Iliyobaki inaingia kwenye breki zako, na namna unavyoziminya ndiyo inayoamua inakwenda wapi. Ukishikilia breki kidogokidogo muda wote, mwendo ni mdogo, hewa haikusaidii, na joto lote linajikusanya kwenye rimu au diski bila nafasi ya kupoa. Njia sahihi ni kuachia baiskeli iende, kisha kabla ya kona kuminya kwa nguvu breki zote mbili kwa sekunde mbili tatu, kuachia kabisa, na kuingia konani bila breki.

Kwenye rimu za kaboni zenye breki za raba, joto hulainisha gundi ya kaboni na ukuta wa rimu unavimba; dalili ya kwanza ni breki kudundadunda. Tyubu za lateksi hupasuka kwa joto hilo, weka za kawaida za butili. Kwenye breki za diski pedi zilizoungua hung'aa kama kioo, hupiga kelele na hazishiki tena. Ukisikia harufu ya kuungua na wenzo wa breki unazidi kuzama, simama upumzishe. Pedi zikaguliwe kabla ya safari, kwa sababu mteremko mmoja wa mvua na mchanga unaweza kula kilichobaki.

Jambo jingine la kulijua kabla halijatokea ni usukani kutetemeka wenyewe kwenye kasi. Husababishwa na mikono iliyokaza, mwili unaotetemeka kwa baridi au upepo wa ubavu, na mtu akishtuka huukaza zaidi, na kufanya hali kuwa mbaya. Bana bomba la juu la fremu kwa magoti, hamishia uzito kwenye pedeli, legeza viganja, kisha punguza mwendo taratibu kwa breki ya nyuma. Mteremko wa kwenda Malaucène una sehemu zilizonyooka ambapo kilomita 80 kwa saa hufikika bila kukanyaga hata mara moja. Si lazima uzifikie.

Mzunguko unaofaa zaidi kwa siku moja unaanzia Malaucène: vuka Col de la Madeleine, mita 448 tu, hadi Bédoin, panda, shuka Malaucène. Ni kama kilomita 55 na mita 1,800 za kupanda, na hiyo Madeleine inapasha miguu moto bila kuichosha.

Siku iliyotangulia, zunguka Dentelles de Montmirail, vilima vya miamba iliyochongoka magharibi ya Malaucène. Panda Col de la Chaîne, mita 472, pita Suzette, shuka Beaumes-de-Venise, kisha Vacqueyras, Gigondas, Sablet, Séguret na Vaison-la-Romaine, halafu urudi. Ni kilomita 50 hivi, na karibu zote zina mizabibu kulia na kushoto. Miinuko yake ni mifupi, inafaa kwa kujaribu gia na kusikiliza cheni kabla ya siku kubwa.

Ila barabara za mizabibu zina hatari zake, na hubadilika kwa majira. Majira ya baridi wakulima wanapogoa, na vipande vya waya za kushikilia mizabibu huishia kwenye lami. Pancha za wakati huo mara nyingi ni waya mwembamba uliobaki ndani ya tairi, na asiyepapasa tairi kwa ndani atabadilisha tyubu mara mbili kwa shimo lilelile. Masika na mwanzo wa kiangazi wananyunyiza salfa na shaba dhidi ya ukungu: ukiona trekta linatoa wingu, subiri lipite, maana salfa inawasha macho vibaya ukiwa na jasho. Septemba ni mavuno. Matrekta yenye matela yanatoka mashambani bila kutazama sana, mashine za kuvunia zinajaza barabara yote, na kwenye kona kuna zabibu zilizopondwa zikichanganyika na udongo, utelezi mtupu. Tairi la milimita 28 lenye shinikizo la hewa la psi 65 hadi 75 kwa mtu wa kilo 75 linashika vizuri kuliko jembamba lililojazwa hadi 110.

Barabara ya juu hufungwa majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, upande wa Bédoin kuanzia Chalet Reynard. Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai kuna lavenda Sault, lakini kuna joto na magari.

Wapo wanaopanda njia zote tatu kwa siku moja. Ni kilomita 137 na mita 4,400 za kupanda, na kuna klabu inayotoa kadi ya kugongwa mihuri vijijini. Anza na Bédoin alfajiri, fuata Malaucène kabla jua halijapanda sana, na Sault iwe ya mwisho, kwa sababu ni ya upole. Ukishuka Sault, kula chakula cha moto ukiwa umekaa; kutoka pale hadi Chalet Reynard kuna kilomita 20, na mtu mwenye njaa hatazimaliza hata kwa asilimia 4.